Mafuta na Oksijeni

Kwenye ukuta wa karakana yangu hapa Nyasubi, Kahama, kuna maandishi ya rangi nyekundu niliyoyaandika mwenyewe siku nilipofungua: MAFUTA NA OKSIJENI HAVIKAI PAMOJA. Kila anayekuja kufanya kazi kwangu, kabla sijamuuliza anatoka wapi, namsimamisha pale ayasome kwa sauti. Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza makarasha, yaani mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na wateja wangu wanatoka Segese, Ushirombo na kokote ambako mtu amechimba shimo akiamini Mungu amemfichia kitu. Bamba nene la chuma halikatwi kwa maneno, linakatwa kwa gesi na oksijeni. Sasa mtungi wa oksijeni ukifunguliwa kwa mkono wenye grisi, au mjuaji akiipaka koki yake mafuta ili ilainike, unaweza kulipuka. Niliuona ukilipuka mara moja, ujanani, Tabora, kwenye karakana ya mtu mwingine. Aliyekuwa ameushika hakupata nafasi ya kueleza alichokosea.

Naanza na hilo kwa sababu habari yenyewe ni ya kichwa changu, mke wangu, na chupa yake ya mafuta.

Kichwa kilianza nikiwa na miaka hamsini na miwili, umri ambao mtu anadhani magonjwa yamekwisha kugawiwa na yeye amekwisha kupokea fungu lake. Mimi nilikuwa nimepokea mgongo, na nilikuwa nimeridhika nao. Ilikuwa saa tisa kasoro robo alasiri. Kitu kiliingia nyuma ya jicho la kulia. Nikisema kiliuma nitakuwa nakisingizia wema. Nimewahi kuangukiwa na chuma mguuni, nimewahi kuungua mkono mpaka nyama ikaonekana, na ningekubali vyote viwili kwa pamoja, siku ya Iddi, kuliko kile. Jicho likawa jekundu na kutiririka machozi. Tundu la pua la upande huohuo likaanza kutoa kamasi. Kope ikashuka. Upande wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, unatazama.

Wenye kipandauso wananiambia wakishikwa wanataka giza na kimya walale. Mimi nilipojaribu kulala niliona nakufa haraka zaidi, nikainuka nikaanza kutembea. Katikati ya karakana kulikuwa na karasha la mteja lililobakiza kupakwa rangi, nikawa nalizunguka hilo, mkono kwenye jicho, nikitoa sauti ambazo sikujua ninazo. Nilizunguka mpaka saa kumi kasoro dakika kumi. Halafu kikaondoka, ghafla, kama mgeni aliyekumbuka ana safari. Nikasimama nikasikiliza. Hakuna kitu. Nikaenda kupaka karasha rangi.

Kesho yake, saa tisa kasoro robo, kikarudi.

Kilikuja kila siku kwa wiki nane, kisha kikatoweka, nikamshukuru Mungu na kukisahau. Mwaka uliofuata malori ya pamba yalipoanza kupita kwenda kwenye vinu, nacho kikaja. Tangu hapo kimekuwa na msimu wake, na kwa kweli kimekuwa na nidhamu kuliko wateja wangu wengi. Wateja wenyewe walizoea. Mchimbaji mmoja wa Segese, Msukuma mrefu mwenye duara lake, yaani shimo lake la dhahabu, huko, alikuwa akinikuta nazunguka anajikalia juu ya tairi na kusubiri.

"Mwadila, fundi," ananisalimia.

Siwezi kuitika.

"Zunguka tu, guku. Mimi nipo."

Guku ni babu kwa Kisukuma. Tunazidiana miaka sita.

Nyumba yangu iko ng'ambo ya barabara, ukitoka karakana unavuka tu. Siku ile ya kwanza mke wangu alisikia sauti zangu akiwa jikoni. Yeye ni mtoto wa watu wa Pangani. Baba yake alipanda bara na biashara ya nguo, akaja akafia hapahapa Kahama, na alichowaachia watoto wake zaidi ya deni la msikiti ni lafudhi. Mama yake alimwachia mafuta. Ni ya nazi, karafuu na habasoda, na vitu vingine viwili ambavyo hajawatajia hata mabinti zetu. Huyachemsha mwenyewe, mlango umefungwa, na huyatia kwenye chupa iliyokuwa ya sharubati. Kwetu mafuta yale yalitibu mafua, kibiongo, jicho la husuda na mtoto anayelialia.

Alikuja mbio na chupa. Aliponiambia nikae nikashindwa, hakubishana. Alimimina mafuta kiganjani, akanifuata kwa nyuma, akaweka mkono kichwani kwangu na kuanza kusugua huku tunatembea. Mimi ni mrefu na yeye ni mfupi, kwa hiyo ilinibidi niiname. Watu waliokuwa wanapita barabarani waliona mzee ameinama na mke wake yuko nyuma na chupa, wanazunguka karasha. Siwalaumu kwa waliyoyasema.

Kilipoondoka nilikaa juu ya sanduku la zana. Mke wangu alikuwa amesimama mbele yangu, kanga imemwanguka begani, ana mafuta mpaka kwenye viwiko.

"Yamesaidia?" akauliza.

Mafuta hayakuwa yamesaidia kitu. Kilikuwa kimeondoka kwa muda wake, kama ambavyo kingeondoka angenisugua na mchanga. Lakini nilimtazama alivyokuwa anahema.

"Yamesaidia," nikasema.

Huo ndio uongo wenyewe. Nilidhani ni mdogo.

Kesho yake saa tisa kasoro robo alikuwa amekwisha vuka barabara, chupa mkononi, ananisubiri niumwe. Na baada ya saa moja akauliza, nami nikajibu nilivyojibu jana, kwa sababu kama yalisaidia jana yanashindwaje leo? Tulikwenda hivyo miaka tisa. Uongo unafanya kazi kama kutu. Unaanza kwenye nati moja, ukija kushtuka nati haifunguki, na chuma chote kimeshikamana nayo.

Mke wangu alieneza habari mtaa mzima. Wanawake wakawa wanakuja na vichupa. Binti yetu aliyeolewa Mwanza aliposema kwenye simu kwamba baba aende hospitali kubwa akaonwe na bingwa, mama yake alimjibu kwa utulivu, "Baba yenu mafuta yanamsaidia. Mwulize mwenyewe." Nikapewa simu. Nikasema yananisaidia.

Sisemi kwamba sikutafuta tiba kabisa. Zahanati walinipima mara tatu, na mara zote tatu nikakutwa na malaria na taifodi, maana hapa kwetu hivyo viwili huvikosi ukivitafuta. Nilimeza dawa zote. Mtaalamu wa meno alisema tatizo ni gego la juu, akaling'oa, na kichwa kilipokuja kesho yake akasema basi ni lile la jirani. Yalikuwa meno mazuri. Mwingine akanipa miwani, ninayo mpaka leo, inanisaidia sana kusoma. Mzee mmoja wa kule Ushirombo alitaka kunichanja chale juu ya jicho, nikamuuliza ana uhakika gani na jicho, akasema uhakika ni wa Mungu. Nikamwambia basi tumwachie Mungu.

Mwaka wa tisa kichwa kilivunja utaratibu. Kikaanza kuja mara mbili, na ile ya pili haikuwa na saa. Asubuhi moja nilikuwa nakata bamba, moto umewaka mkononi, kikaingia bila hodi. Niliangusha kichomeo. Kilianguka juu ya mpira wa gesi, kikawa kinauunguza, na mimi nimeshika jicho najua kabisa kinachotokea nyuma yangu na siwezi kuukaribia. Yule Msukuma wa Segese ndiye aliyeruka kutoka kwenye tairi lake akafunga mitungi yote miwili. Aliifunga vizuri, sijui nani alimfundisha. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Guku, mimi karasha nitalisubiri, lakini wewe nenda hospitali."

Wiki ileile gari la matangazo likapita likipiga kelele kwamba kambi ya madaktari bingwa inakuja Shinyanga mjini: moyo, mifupa, macho, na mishipa ya fahamu. Nilisikia mishipa ya fahamu nikaacha nyundo.

Niseme wazi nilichokuwa naogopa. Niliogopa daktari asiniletee jibu, kwa sababu kazi yangu ilikuwa inakwisha na mimi sijui kazi nyingine. Lakini niliogopa zaidi aniletee jibu. Maana siku kitakapopatikana kitu kinachotibu kichwa hiki, mke wangu atajua kwamba mafuta ya mama yake hayajawahi kufanya kazi, na kwamba mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Mtu mwenye akili angemwambia kabla. Mimi nilimwambia abaki nyumbani apumzike. Akaja, na chupa yake kwenye mkoba, imefungwa nailoni mbili.

Mimi nilibeba mlango. Namaanisha picha yake. Mlango wa karakana yangu ni wa bati nene, na kwa ndani, kwa chaki ninayochoria chuma, nilikuwa nimeandika kila siku kichwa kilipokuja na kilipoondoka, msimu baada ya msimu, tangu mwaka wa kwanza. Sikuandika kwa ajili ya daktari. Fundi akiona mashine inaharibika kwa saa maalumu anaandika saa. Nilipiga picha mlango wote kwa simu, kipande kwa kipande.

Tulipata namba ya sitini na kitu. Ilipofika saa tisa kasoro robo tulikuwa bado kwenye benchi, mbele yetu watu kumi na wawili, na kichwa hakina habari na foleni. Nikasimama, nikaanza kutembea kwenye korido. Mke wangu akafungua nailoni ya kwanza, akafungua ya pili, akanifuata nyuma na mkono kichwani. Tulikuwa hatuna karasha la kuzunguka, tukazunguka ndoo ya maji ya kunawa. Nesi akaniambia nikae. Mama mmoja kwenye benchi akasema huyu ana mashetani, na aliyekuwa pembeni yake akaanza kusoma, kwa sauti, Ayatul Kursi. Alisoma vizuri.

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka daktari kuangalia kelele ni za nini. Alikuwa binti mdogo, wa umri wa kitinda mimba wangu, amevaa raba.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba," nikasema nikipita.

Alinisubiri nimalize mzunguko. Alitazama jicho la kulia, kisha la kushoto, kisha pua.

"Maumivu yanakuja saa ngapi?"

Miaka tisa hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hilo. Waliuliza nimekula nini, nimekosana na nani, nimemkanyagia nani kaburi.

"Sasa hivi," nikasema.

"Na jana?"

"Sasa hivi."

Hakucheka. Alinishika mkono akaniingiza ndani, akamwambia nesi alete mtungi na barakoa yenye mfuko. Mtungi ukaletwa kwenye kitoroli. Mimi nilikuwa na jicho moja tu linaloona, lakini mtungi wa oksijeni nautambua hata kwa harufu ya chuma chake, na nilisimama nikautazama. Mrefu, mwembamba, na geji yake juu. Kule nyumbani ninao kama huo. Kwa miaka tisa nilikuwa nikiumwa hatua tatu kutoka ulipo.

Mke wangu alikuwa amemimina mafuta mapya kiganjani na anakuja.

"Mama, hapana!" nesi akamzuia. "Mafuta yakae mbali kabisa na oksijeni. Baba naye ana mafuta kichwa kizima, hebu tumwoshe kwanza."

Niliinama juu ya karai nikaoshwa uso na kichwa kwa sabuni kama mtoto wa chekechea. Mke wangu alirudi nyuma mpaka ukutani. Nilitaka kumwambia kwamba nesi ana haki, kwamba hata kwenye ukuta wangu imeandikwa, lakini uso wote ulikuwa umejaa povu. Wakanivalisha barakoa, wakafungua koki yote, daktari akaniambia nivute pumzi kama mtu aliyetoka kukimbia.

Dakika ya tano hakuna kitu. Ya nane nikahisi kile kilichokuwa nyuma ya jicho kimelegeza mkono. Ya kumi na mbili kikatoka. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa tisa na dakika kumi na saba, na nilikuwa nimezoea kurudishiwa kichwa changu karibu na saa kumi. Nilitolewa barakoa. Machozi yalikuwa yanatoka macho yote mawili sasa, na lile la kushoto halikuwa na ugonjwa. Nililia mbele ya binti wa umri ule na sikuona haya.

Kisha nikamwona mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni, viganja vimejaa mafuta, amevigeuza juu mapajani kwa sababu hakuwa na pa kuvifutia.

Daktari aliangalia picha za mlango moja baada ya nyingine. "Baba, huu mlango umenirahisishia kazi," akasema. Jina la ugonjwa kwa kitaalamu ni refu na la kizungu, lakini alinieleza kwa Kiswahili kwamba ni kichwa cha vipindi, kinakuja kwa makundi, kwa saa yake na msimu wake, upande mmoja, na kwamba wengi wenye nacho wanang'olewa meno kabla hawajafika kwake. Nikamwonyesha pengo. Angenipima moyo, kisha nianze vidonge vya kila siku vya kukizuia msimu unapoanza, na kikipenya hivyohivyo, oksijeni, dakika kumi na tano. Akaniuliza nafanya kazi gani.

"Fundi wa kuchomelea."

Akaweka kalamu chini. "Ule wa karakana usiuvute. Nimekuomba kama baba yangu. Wa hospitali una usafi wake na vifaa vyake, tutakuandikia."

"Siwezi kuuvuta," nikasema, na ni kweli, ingawa dakika hiyohiyo nilikuwa nimeshapiga hesabu ya mpira na barakoa. Mganga hajigangi.

Halafu, kwa nia njema kabisa, akauliza: "Na haya mafuta, yalikuwa yanasaidia?"

Niligeuka nikatazama ukuta. Kulikuwa na picha ya uti wa mgongo. Ina mifupa mingi.

"Yanamsaidia," mke wangu akajibu. "Mwenyewe amesema."

Daktari alirudi kwenye picha za mlango. Hakuwa na ubaya, alikuwa anasoma tu. "Ni kwamba, mama, haya maumivu yanaisha yenyewe baada ya saa moja hivi. Upake usipake."

"Ahaa," akasema mke wangu.

Tulirudi Kahama. Kutoka Shinyanga mpaka Tinde nilijifanya naangalia mashamba. Tulipofika Isaka akasema, "Miaka tisa."

Nikasema, "Ndiyo."

Hiyo ndiyo ilikuwa safari.

Mtungi ulipofika nyumbani, ukishushwa kwenye gari mchana kweupe, mtaa ulihitimisha mambo yake. Hapa kwetu mtu akiwekewa oksijeni watu hawaulizi anaumwa nini, wanauliza anazikwa wapi. Jioni ileile majirani wawili walileta mikeka. Mwenyekiti wa chama chetu cha kufa na kuzikana alikuja na daftari la majina ya wachimba kaburi, akabisha hodi, nami nikamfungulia. Tulisalimiana. Akasema alikuwa anapita. Nikamkaribisha chai, akanywa, na kila nikikohoa anatazama daftari.

Ningecheka na mke wangu juu ya hilo, miaka yote tumecheka mambo kama hayo. Lakini mke wangu alikuwa hayupo. Alikuwapo, anapika, ananiwekea maji ya kuoga, anajibu ninachouliza. Chupa aliiondoa kabatini sijui akaipeleka wapi. Mwanamke wa nyumba ya tatu alikuja na kichupa chake kama kawaida, nikamsikia mke wangu akimwambia mlangoni, "Hayafanyi kazi. Nenda hospitali." Na saa tisa kasoro robo ilipofika, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, hakuvuka barabara.

Vidonge huchukua siku kadhaa kukolea, kwa hiyo kichwa kiliendelea kuja. Nilikuwa naacha kazi mapema, naoga kwa sabuni nitoe grisi yote, nakaa sebuleni na mtungi wangu. Koki ilikuwa ngumu, na jicho moja limefumba, mara nyingine nachukua dakika tatu kuifungua. Oksijeni ilifanya kazi kila siku. Dakika kumi na mbili, kumi na tatu, kimekwenda. Ndicho nilichokuwa nakililia miaka tisa, na nilikipata nikiwa nimekaa peke yangu natazama pazia, na nikaona uchungu kuliko nilivyotegemea. Nilizoea kuinama.

Siku ya sita niliingia jikoni mapema, kama saa nane na nusu. Alikuwa anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda cha mbuzi, na kukaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi kwa mwili wangu si jambo dogo.

"Nilikudanganya," nikasema.

Akaendelea kuchambua. "Najua. Nimeambiwa na daktari."

"Siku ya kwanza nilisema kwa adabu. Siku ya pili nilisema kwa sababu nilisema siku ya kwanza."

"Na siku ya elfu?"

Nikaokota punje ya mchele iliyoanguka, nikairudisha kwenye ungo.

"Kwa nini lakini, baba?"

"Ulikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko," nikasema. "Na kanga imeanguka."

Aliweka ungo chini. Nilidhani atazungumzia mama yake, na Pangani, na aibu ya mtaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo.

"Ungeniambia siku ile hayasaidii," akasema, na sauti yake ikapanda, "ningekuburuta hospitali mwaka uleule. Mwaka uleule! Mimi nakaa nawaambia watoto baba yenu ana nafuu. Nalala usingizi. Kumbe mtu anaungua. Umeumwa miaka tisa kwa adabu? Adabu gani hiyo? Nani kakufundisha?"

Alikuwa analia kwa hasira. Tumeoana miaka thelathini na nne na sijawahi kuona nimekosa kiasi kile. Mafuta hayakuwa yamemuuma hata robo ya nilivyodhani. Nilikuwa nimeyalinda mafuta miaka tisa, na mwenye mafuta alikuwa ananilinda mimi.

"Nisamehe," nikasema. "Kuanzia leo nitakwambia kweli."

Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Saa ngapi sasa?"

"Tisa kasoro ishirini."

Akainuka. Alichukua sabuni ya mche, akaenda bombani, akanawa mpaka viwiko. Akasuuza, akanusa mikono, akanawa tena. Mara ya tatu alisugua kucha kwa kipande cha dodoki. Akajikausha na taulo jipya lililokuwa kwenye sanduku la wageni, halafu akaja kusimama mbele yangu, viganja juu.

"Kagua," akasema.

Nilivaa ile miwani yangu ya kusomea. Nilikagua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, kama ninavyokagua mtu yeyote kabla hajagusa mtungi wangu. Havikuwa na mafuta. Vilikuwa vikavu na vimepauka kwa sabuni, na sikumbuki kuwa nimewahi kuviona vikavu.

"Soma," nikasema.

"Mafuta na oksijeni havikai pamoja," akasema. "Twende, usije ukaanza kunizungukia jikoni."

Kilikuja kwa saa yake. Nilivaa barakoa, yeye akafungua koki kwa mkupuo mmoja, ana nguvu za mikono kuliko alivyowahi kukiri. Mpira wa mtungi ni mfupi, kwa hiyo mimi nilikaa na yeye akasimama, na haikunibidi kuinama. Aliweka mkono kichwani, palepale alipouweka miaka yote, juu ya jicho la kulia. Ulikuwa unakwaruza. Hakusugua, aliuacha tu hapo, na mkono mwingine ameshika saa yangu ya mkononi anahesabu dakika kwa sauti.

Alipofika kumi na mbili nikamwashiria kwamba kimekwenda.

"Umesaidia?" akauliza.

Nikasogeza barakoa kidogo. "Mtungi umesaidia."

"Sikuulizi mtungi. Mkono."

Nilifikiria. Nilikuwa nimeahidi kusema kweli, na ahadi yenyewe ilikuwa haijamaliza hata nusu saa.

"Mkono haujasaidia kitu," nikasema. "Usiutoe."

Hakuutoa.